Sony BDP-S370: deki ya mtumba inayosoma SACD

Binamu yangu aliniletea kutoka Dubai diski tatu za SACD (Super Audio CD, diski za muziki zenye sauti bora kuliko CD ya kawaida), mbili zikiwa za muziki wa udi mtupu, ile ala ya nyuzi. Fundi mmoja Mombasa akaniuzia deki ya DVD, akaniapia inasoma kila kitu. Kuimba iliimba, lakini ilikuwa ikisoma tabaka la CD tu, maana nyingi ya diski hizi zina matabaka mawili: la CD ya kawaida na la SACD yenyewe. Miezi miwili nasikiliza CD na huku nimejiaminisha ni SACD. Iliniuma.

Sasa hapa Langoni, Lamu, nina Sony BDP-S370, deki ya Blu-ray ya mwaka 2010. Nimeipata kwa shilingi 5,500, pamoja na kuisafirisha mpaka Mokowe na kuivusha kwa boti. Nimeipendea matundu mawili ya sauti ya nyuma, jekundu na jeupe. Deki za siku hizi nyingi zimebaki na HDMI, tundu la waya mmoja wa picha na sauti, na amplifaya ya kupokea HDMI ndiyo inayomaliza pesa. Waya wa optiki, upitishao sauti kwa mwanga, nao usikudanganye, sauti ya SACD yenyewe hairuhusiwi kupita humo. Mimi nimechomeka waya wa shilingi 150 kwenye amplifaya ya marehemu baba, ya enzi za kaseti.

Mara ya kwanza iunganishe na TV, uingie kwenye mipangilio ya muziki, uchague tabaka la Super Audio CD.

Usiku baada ya Isha, punda wametulia, nikaweka ule udi. Nilisikia risha, kile kijiti cha kupigia udi, ikigusa uzi mnene kabla mlio haujatoka, halafu mpigaji akavuta pumzi. Pumzi ile sikuwahi kuisikia kwenye deki ya kwanza. CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde. SACD, iliyotolewa na Sony na Philips mwaka 1999, hupima mara 2,822,400, japo kila kipimo ni biti moja tu, yaani 0 au 1. Nilirudia wimbo ule mara nne.

Chumvi ya bahari ndiyo adui. Vichwa vya waya huota kutu ya kijani, basi kila mwezi navifuta kwa spiriti, na deki naifunika kanga.

Kabla ya kununua, soma kibandiko cha nyuma: ya Marekani ni volti 120, ya Japani 100, na umeme wetu ni 240. Pia nenda na diski yako. Usitoe pesa mpaka TV ya muuzaji ionyeshe kuwa inasoma SACD.