Spika ya dola 110, bili ya shilingi 465,000 za Uganda: uzoefu wangu wa kuagiza Marekani

Mwezi wa tatu niliagiza spika ya bluetooth Marekani, ya kazi yangu ya uemsii wikendi, dola 110 na nauli ya ndege mpaka Entebbe dola 40, nikajua hapo nimemaliza. Kumbe hata sijaanza. Siku ya tano meseji ikaingia kutoka kwa hao wasafirishaji (jina nawaachia), mzigo umefika, tuma TIN (namba ya mlipakodi) na invoisi halafu ulipe 465,000. Spika yenyewe ilinitoka kama laki nne jamani!

Nikapiga simu, dada wa kastama kea ananiambia "ssebo (bwana), hizo ni pesa za URA", yaani mamlaka ya mapato ya Uganda. Sawa, nitumie basi karatasi ya asesimenti, yaani hesabu ya kodi yenyewe, nione. Hapo ndo wakaanza kunizungusha, mara mfumo umegoma, mara mhusika ametoka, siku mbili nzima.

Ilipokuja nikakaa na kalkuleta. Kwenye karatasi yangu hawakuhesabu bei ya spika peke yake, nauli nayo waliiingiza, kwa hiyo walianzia dola 150. Ushuru wa forodha walinipigia 25%, hiyo 37.5. Sasa VAT ya 18% ndo inauma, haikatwi kwenye 150, inakatwa kwenye 187.5, yaani unalipia kodi mpaka kodi yenyewe, 33.75 hiyo. Kulikuwa na kodi ya zuio 6%, dola 9, na ile ya miundombinu 1.5%, dola 2 na senti. Jumla 82.5, ukibadilisha ni kama laki tatu hivi. Nzito ndiyo, lakini inaeleweka, na ningepiga hesabu kabla ya kubofya nisingeshtuka.

Haya, hiyo laki na sitini nyingine ni ya nani? Nikauliza. Eti ada ya kuklia (kuutoa mzigo forodhani), ada ya wao kunilipia kodi mapema (nani aliwaomba?) na stoo siku mbili. Stoo! Siku zilezile walizokuwa wananitafutia karatasi!

Nikakataa, nikawaambia nipeni PRN (namba ya kulipia URA) nilipe kodi mwenyewe. Hapo sauti ikabadilika. PRN ikaja jioni ileile, nikalipa kwa simu, pesa ikaenda URA moja kwa moja na risiti ninayo. Stoo wakafuta, ile ya kunilipia mapema wakafuta, ya kuklia nikalipa, 70,000, sikuwa na nguvu ya kugombana tena. Kwa hiyo nyie mkiletewa bili ya jumla tu bila mchanganuo msilipe, ombeni asesimenti na PRN kwanza.

Kuna watu wataniuliza kwa nini sikutumia hawa wa kago wa Guangzhou wanaoshushia Kikuubo, kule kwa maduka ya jumla Kampala, unalipa kwa kilo na ushuru umo humohumo. Nawatumia sana kwa nguo na vitu vyepesi, hawana maneno mengi, ila karatasi ya kodi usiwaulize. Na hii spika China sikuipata.

Mzigo ukaletwa na boda baada ya siku mbili, boksi limefunguliwa na kufungwa tena na seloteipu ovyo, lakini ndani salama na mdundo wake si mchezo. Wasafirishaji nawapa nyota 2 kati ya 5, na moja hapo ni ya yule boda, alinipigia kabla ya kufika na akanibebea mpaka mlangoni.