Bomba jeusi juu ya paa, au karatasi juu ya maji?

Kwa bwawa dogo la kuogelea la lita 10,000 nyuma ya nyumba huko Limuru, kwenye nyanda za baridi za Kenya, njia mbili za bei nafuu za kuyapa maji joto hushindana: kuzungusha bomba jeusi la umwagiliaji juu ya mabati na kusukuma maji humo kwa pampu ndogo, au kulifunika bwawa kwa karatasi angavu ya plastiki, ile ya kujengea vibanda vya kukuzia nyanya.

Bomba ndilo linalovutia. Ukiyagusa maji yanapotoka, yana moto, nawe unaamini kazi imekwisha. Lakini hesabu haina huruma. Kupandisha lita 10,000 kwa nyuzijoto 1 tu kunataka nishati sawa na yuniti 12 hivi za umeme. Mita 100 za bomba la milimita 25 zinalitazama jua kwa mita za mraba 2.5 pekee; kwa hiyo hata siku ya jua kali, kwa kawaida ongezeko halifiki nyuzi 1. Na Julai ya Limuru, jua lenyewe liko wapi? Halafu pampu izimwe jioni, la sivyo paa litayapoza maji.

Karatasi haina mbwembwe, ila inaziba tundu kubwa zaidi. Joto jingi hutoroka kwa mvuke: lita 1 ikivukizwa huondoka na joto la kupasha karibu lita 580 kwa nyuzi 1. Kifuniko huzuia hilo usiku kucha, bila umeme. Kiondoeni chote kabla ya kuogelea, hasa penye watoto; mtu akinaswa chini yake ni hatari.

Ningeanza na karatasi. Bomba ningeliongeza Januari, mbingu zikiwa wazi.