Nyumba ya Paneli Tabora: Msimpe Fundi Grenda!

Mwangaluka wadau! Najua saa nane mchana hiyo siyo salamu yake, ila nilianza kurekodi asubuhi umeme ukakata. Niko Ipuli, Tabora, kwenye kile chumba na sebule changu cha paneli. Bati huku, bati kule, foamu katikati, milimita 75. Hayo tulishayamaliza, sirudii.

Leo nina hasira. Dogo, sogeza kamera hapa dirishani. Karibu... karibu zaidi. Mnauona huo mstari wa kahawia? Kutu hiyo. Nyumba haina hata miezi minne! Na paneli haina kosa. Fundi alitoboa dirisha kwa grenda, cheche zinaruka kama anachomelea geti, na mimi nimesimama pembeni napiga picha, nacheka.

Ngoja nikate kipande kilichobaki kwa hiyohiyo grenda muone. Wiiii... haya, zima. Harufu mnaisikia? Aa, nyie hamuisikii. Foamu hii nyeupe ni ileile inayokuja na boksi la TV, ikifika kama nyuzi 100 inanywea. Naingiza kidole: kimezama pingili nzima! Kwangu dirishani sisimizi wameshahamia. Halafu watu wanajisifu eti mchwa hali chuma. Hali, sawa, ila foamu anaitoboa anaweka makazi, na mchwa wa Tabora mnawajua. Bati nalo ukingoni limeungua rangi na zinki yake. Na hizi nukta hapa chini ni vumbi la chuma, limetua likiwa la moto likagandia kwenye rangi.

Sasa huu msumeno wa umeme, meno madogo ya kukatia chuma. Taratibu, usiukandamize. Gusa ukingo: baridi. Foamu imefika mpaka mwisho wa bati. Unafagia vumbi kwa brashi siku hiyohiyo, unapaka rangi ya zinki, unaziba kwa silikoni, unafunika na kona ya bati. Basi! Fundi akikwambia anachelewa, mwache achelewe.

Ila joto, jamani... Naweka kiganja ukutani kwa nje, aaah, hakikai. Twende ndani. Ukuta uleule, naegemea mgongo mzima. Hapo ndipo ninapoisamehe. Tofali za kuchoma zinameza jua mchana kutwa, usiku zinakurudishia kitandani. Nimekulia humo.

Tofali nazo zina raha yake lakini, msumari unapigilia popote. Hapa nikitaka kutundika TV lazima nifunge ubao kwanza. Na tofali hazitoki Dar, kilomita zaidi ya 800. Lori limenila karibu theluthi ya pesa ya paneli zenyewe. Wa Kigoma mnaoniuliza bei, nyie ongezeni na safari ya kutoka hapa mpaka kwenu.

Mama mmoja ameuliza jiko la mkaa. Mama yangu, kwenye foamu hii usithubutu, ikishika moto moshi wake mweusi hautakupa nafasi. Jiko langu liko nje. Kama lazima upikie ndani, tafuta paneli yenye pamba ya mawe katikati badala ya foamu, yenyewe haiwaki. Nzito, na bei imechangamka.

Ile video ya tangi imeshushwa kwa sababu ya muziki, naipandisha tena Jumatano, gongeni kengele. Na ijayo ni... we dogo, nani kaiwasha tena hiyo grenda?