Kiti cha Askofu kwa Mafundi wa Keko: Wanachoweza na Pa Kuwasimamia

Kamati za ujenzi wa makanisa zikifika Keko, mtaa wa karakana za samani Dar es Salaam, huomba "kiti cha enzi cha Baba Askofu", na fundi hutoa alichoombwa: vichwa vya simba kwenye mikono, mgongo mrefu kuliko mtu, veliveti nyekundu na rangi ya dhahabu ya kupuliza. Mkono wa fundi unaonekana, lakini kiti hakifai. Hapa tunapima huduma ya karakana za Keko kwa kazi moja tu, kiti cha askofu cha kanisa kuu. Tunaanzia kwenye maana, maana vipimo karibu vyote vinatoka humo.

Kwa Kigiriki kiti hiki ni kathedra: kata, chini, na hedra, pa kukalia. Walatini wakalichukua neno likawa cathedra, na kanisa lenye kiti hicho likaitwa ecclesia cathedralis, kanisa la kiti. Sisi tunasema kanisa kuu, na hapo wengi hudhani suala ni ukubwa wa jengo. Basilika la Mtakatifu Petro pale Vatikani ni kubwa mno, lakini kanisa kuu la Jimbo la Roma ni la Mtakatifu Yohane wa Laterano, kwa kuwa kiti cha Papa kama Askofu wa Roma kiko huko. Na hapa kwetu, parokia ya Mbagala au Tegeta ikijenga jengo la kumeza Kanisa la Mtakatifu Yosefu mara mbili, kanisa kuu la Wakatoliki litabaki hilohilo la pale bandarini lililojengwa kati ya 1897 na 1902.

Kiti chenyewe asili yake ni ya mwalimu. Zamani mwalimu alifundisha akiwa ameketi, na askofu akahubiri hivyohivyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere mwaka 2008 kilitumia fikra hiyohiyo: kigoda ni mamlaka ya kufundisha. Kwa hiyo mfano wa kumpelekea fundi si kiti cha enzi cha Lamu au Unguja, kile cha mpingo na mapambo ya pembe. Kile ni cha mtawala na mgeni wa heshima.

Kwa Wakatoliki, kitabu cha taratibu za ibada za maaskofu cha 1984 kinaeleza wazi: kiti kiwe kimoja, kisihamishwe, kiwe na ngazi za kutosha ili askofu aonekane na waumini, na kisijengewe kibanda juu yake. Padre anayeongoza misa awekewe kiti chake mahali pengine. Walutheri wa Azania Front na Waanglikana wa Mtakatifu Albano wana taratibu zao. Kamati zao ziulize ofisi ya dayosisi kabla ya kuchora chochote.

Sasa Keko. Kwa nakshi, hatuna la kulalamika. Ukimpa mchongaji nembo ya askofu iliyochapishwa kwa ukubwa halisi, sentimita 25 kwa 30 hivi, anaitoa hadi mistari ya fimbo. Mwambie tu aichonge kwenye kibao cha peke yake kinachofungwa kwa skrubu mbili kutokea nyuma. Nembo ni ya mtu, kiti ni cha jimbo. Akija askofu mwingine kinabadilishwa kibao. Ikichongwa moja kwa moja mgongoni, itabidi irandwe, na mgongo utabaki na bonde.

Kwenye mbao ndiko pa kukaza macho. Mninga ndio chaguo letu la kwanza, kwani ukishakauka hautembei sana (haupindi wala kusinyaa) na unachongeka. Kataa vipande vyenye weupe wa pembeni, maana wadudu watobozi huanzia hapo, na utawajua kwa unga laini unaodondoka sakafuni. Mvule ni mzuri pia, ila huwa na mawe ndani yanayoua makali ya msumeno, hivyo fundi atakudai zaidi, na ana haki. Mkongo ni mgumu na wa kudumu, lakini vitundu vyake vina rangi ya njano inayotoka ikipata unyevu. Kwa kabati haina neno. Kwa kiti cha mtu aliyevaa kanzu nyeupe na anayetoka jasho la Januari, utaona doa mgongoni. Mtiki unafaa, mradi sehemu za kugundisha zifutwe mafuta kwa thina kwanza.

Tatizo kubwa la Keko ni mbao mbichi. Usikubali neno "imekauka hii, bosi". Kata kipande kidogo, ukianzia sentimita 30 ndani kutoka mwisho wa ubao, kipime kwa mizani ya jikoni, kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito uache kushuka, kisha pima tena. Kikitoka gramu 112 kikaishia 100, unyevu ni asilimia 12, na hapo pazuri. Ikizidi 15, mbao irudi kwenye banda. Kanisa likiwa na viyoyozi, ubao mbichi utasinyaa ndani ya miezi na viungo vitaachia.

Viungo navyo vikaguliwe kabla ya kupakwa chochote. Miguu na mikono iungwe kwa ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu lake, urefu wa ulimi usipungue sentimita 4. Karakana nyingi zenye haraka hupiga msumari na kujaza gundi iliyochanganywa na unga wa mbao; ukitikisa mkono wa kiti utasikia. Kiti hiki huinukiwa kwa kusukumia mikono, tena na mzee mwenye mavazi mazito, kwa hiyo mzigo wote uko pale.

Vipimo usimwachie fundi, kwa sababu atakupa vya sofa: kina cha 58, urefu wa 38, na Baba Askofu atahitaji mashemasi wawili kumnyanyua. Urefu wa kikalio uwe sentimita 45 baada ya sponji kubonyea, kina 48, nafasi kati ya mikono 62 hadi 65 ili kasula, vazi la juu la misa, isijikunje, mikono 22 juu ya kikalio. Chini ya kikalio mbele paachwe wazi, visigino virudi nyuma anapoinuka. Juu ya mgongo pasiwe na uvimbe wa kuegemeza kichwa kama viti vya wakurugenzi, maana unasukuma mitra, kofia ndefu ya askofu, mbele mpaka kwenye nyusi.

Ushonaji wa kikalio ndio udhaifu wa Keko kuliko vyote. Sponji nyepesi hulala kabla mwaka haujaisha. Nunua mwenyewe sponji ngumu ya sentimita 5, ikae juu ya ubao. Kitambaa kiwe cha pamba nzito. Leza, yaani ngozi ya bandia, hupasuka kwa jasho na chumvi ya pwani.

Vanishi ya kupuliza isipigwe asubuhi ya masika. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, vanishi hugeuka ukungu mweupe, na fundi ataficha kwa kuongeza rangi. Asubiri mchana mkavu, au atumie thina inayokauka polepole.

Jukwaa likae tayari kabla kiti hakijafika: ngazi mbili au tatu, kila moja sentimita 15 kwenda juu, na mbele ya kiti paachwe sentimita 120, kwani mtumishi anasimama pale na kitabu. Laza bomba la waya wa maikrofoni ndani ya jukwaa kabla ya vigae. Tumeona vigae vipya vikitobolewa wiki ya kutabaruku kanisa kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu malipo, nusu ya kuanzia inatosha kwa mbao. Sehemu ya pili itoke baada ya kukagua viungo vikiwa vitupu, na ya mwisho kiti kikishafungwa jukwaani kwa vyuma vya pembe na mtu wa kilo 90 amekikalia na kuinuka mara kadhaa bila mlio. Dai risiti ya EFD na nakala ya hati ya kusafirishia mbao. Fundi anayesita kuonyesha hati hiyo, mhame.