Ramani ya ukutani ya reli za Tanzania: tathmini ya mwalimu wa Mbeya

Ramani hii niliinunua kwa shilingi 35,000 katika duka la uchapaji la hapa Mwanjelwa, kwa ajili ya darasa langu la historia, na kilichonivutia zaidi ni kwamba imechora reli ya Mtwara hadi Nachingwea, ambayo ramani nyingi za shuleni huiruka kabisa. Imechapwa kwenye turubai, matundu ya kutundikia yametiwa pete za chuma, na maandishi yake yanasomeka hata kutoka dawati la nyuma.

Reli hiyo iliyokufa imechorwa kwa vistari vya kijivu, na mwanafunzi akiifuata kwa kidole kutoka bandarini huiona ikikomea Nachingwea, mbali na reli nyingine yoyote. Hapo maswali huanza yenyewe, nami hupata nafasi ya kueleza mradi wa karanga wa Serikali ya Uingereza, iliyohitaji mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili na ikachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea kuwa mashamba yake. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 kabla haujatoa karanga za kulisha hata sehemu ndogo ya matumaini yale. Reli iliyojengwa kwa ajili yake ikabaki ikitafuta mzigo, hadi ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Katika haya yote, ramani imeandika neno moja tu, "imefungwa". Ni machache mno kwa historia nzito kiasi hicho.

Kasoro kubwa zaidi iko Kidatu. TAZARA, yaani reli ya Tanzania na Zambia, na reli inayoshuka kutoka Kilosa zimepakwa rangi moja, kana kwamba behewa linaweza kupita moja kwa moja, ilhali upana kati ya vyuma viwili vya TAZARA ni milimita 1,067 na wa ile nyingine ni 1,000, hivyo mzigo hauna budi kuhamishwa. Kwetu Mbeya, ambako TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 ndiyo reli pekee tunayoiona, kosa hilo linapotosha watoto.

Hata hivyo ninaipendekeza kwa shule, kwa kuwa duka huchapa kwa oda na limekubali kubadili rangi ya TAZARA. Anayeagiza asisitize hilo, kisha aombe sababu ya kujengwa na kufungwa kwa reli ya Nachingwea iandikwe kando ya vistari vyake, kwani upande wa bahari kuna nafasi ya kutosha.