Kusafisha ploti ya kituo cha zamani cha petroli, Industrial Area: huduma ipi inafaa na ipi ni hasara

Ploti ilikuwa na kituo cha mafuta na gereji nyuma yake, na sasa inaandaliwa kwa fleti. Nimefanya kazi na kampuni za kudunga dawa ardhini, za kuchimba na kusomba, na za kutibu udongo papo hapo. Kwa upande huu wa Nairobi, ubora wa kampuni hauna uzito kama aina ya udongo. Kampuni inayokuletea bei kabla ya kuuliza udongo ukoje, iage kwa heshima.

Kuanzia Industrial Area kwenda Embakasi, sehemu kubwa ni udongo mweusi wa pamba, aina ya mfinyanzi. Kiangazi hupasuka, na nyufa zinaweza kushuka zaidi ya mita moja. Dizeli iliyovuja hupitia humo humo. Mvua za Machi zikianza, udongo huvimba, nyufa hufumba, na mafuta hubaki yamenaswa ndani ya mabonge.

Kudunga dawa (peroksidi au persulfeti, kemikali za kuvunjavunja mafuta): nyota 1 kati ya 5. Dawa hufuata nyufa na kuacha mabonge yalivyokuwa. Sampuli zinazochukuliwa mapema huonekana safi. Baada ya miezi benzini (kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli) inapanda tena, kwa kuwa kilichonaswa kinavuja polepole. Kufyonza mvuke kwa pampu kuna shida hiyo hiyo: mfinyanzi uliolowa haupitishi hewa. Kwenye mchanga ningetoa alama tofauti kabisa.

Kuchimba na kusomba: nyota 4. Hapa wengi hukosea hesabu. Udongo mweusi ungetolewa hata kama ploti ingekuwa safi, maana mhandisi hatakubali msingi ukae juu yake. Utachimbwa mpaka kwenye murram au jiwe. Kwa hiyo gharama ya ekskaveta tayari imo kwenye bajeti ya mjengo, na kinachoongezeka ni usafirishaji na utupaji. Omba kwotesheni itenganishe vitu hivyo viwili, la sivyo utalipia uchimbaji mara mbili.

Mita 100 za ujazo ardhini ni kama tani 170, na zikichimbwa huvimba kufikia mita 130 hivi. Lori la ekseli tatu haliruhusiwi kupita tani 26 pamoja na uzito wake lenyewe, kwa hiyo mzigo halisi ni tani 15 au 16: malori 11 au 12. Ukiambiwa malori saba yatatosha, ama yatazidisha uzito au udongo mwingine utabaki.

Hatari kubwa iko barabarani. Udongo wa kujazia una soko Nairobi, na dereva anaweza kuumwaga kwenye ploti ya mtu mwingine au kando ya Mto Ngong. Msafirishaji awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kubeba taka hatari, na kila lori liwe na fomu ya ufuatiliaji iliyosainiwa linapotoka na linapofika. Idadi ya fomu ilingane na idadi ya malori. Nyota moja nimeikata kwa sababu hiyo, maana kukagua makaratasi kunabaki kazi ya mteja.

Rundo la bakteria papo hapo: nyota 4 kwa dizeli, 2 kwa oili chafu ya injini. Ni njia ya bei nafuu ikiwa una nafasi na miezi kadhaa ya kusubiri. Udongo uliochimbwa hurundikwa ili bakteria wale mafuta: hulazwa juu ya plastiki nzito yenye mfereji wa kukusanya maji, na kati ya plastiki na udongo hupita mabomba yenye matundu ya kupitisha hewa. Mfinyanzi peke yake haupumui: changanya maganda ya mpunga au vumbi la mbao, asilimia 10 hadi 20 ya ujazo, baada ya kuvunja mabonge. Hatua hii ndiyo kampuni za bei ya chini huiruka, na rundo lote hugeuka tofali.

Bakteria wanahitaji kaboni, naitrojeni na fosforasi kwa uwiano wa 100:10:1. Tani 170 zenye mafuta miligramu 10,000 kwa kilo zina kilo 1,700 za mafuta, yaani kaboni kama kilo 1,450. Zinahitaji mbolea ya DAP kilo 72 na urea kilo 287, karibu mifuko sita ya urea. Usiimwage yote siku moja, chumvi itawaua hao bakteria. Igawe mara tatu. Unyevu ukikauka kazi inasimama, na mvua ikiingia hewa inakosekana, kwa hiyo turubai ni lazima Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Mafuta yakizidi miligramu 50,000 kwa kilo, punguza kwanza kwa udongo safi zaidi.

Risasi, yaani ile metali ya sumu (lead), haiozi. Vituo vilivyofanya kazi kabla ya 2006 viliuza petroli yenye risasi, na gereji huwa na betri zilizovunjwa. Pima risasi kabla ya kujenga rundo. Washauri wengi hutumia viwango vya Uholanzi: risasi 530, mafuta ya madini 5,000, benzini 1.1, zote miligramu kwa kilo. Kwa makazi yenye watoto hiyo 530 ni kubwa mno. Marekani ilishusha kipimo chake cha uchunguzi kutoka 400 hadi 200 mwaka 2024. Udongo wa risasi hutengwa, kisha huchanganywa na saruji au kusombwa.

Kufunika kwa zege na utando wa kuzuia mvuke kunafaa chini ya maegesho. Chini ya vyumba vya kulala, sikubali.

Shimo lisijazwe kabla majibu ya maabara hayajarudi. Sampuli zichukuliwe sakafuni na kwenye kuta zote, ziwekwe kwenye chupa za kioo zilizojazwa hadi juu na kuhifadhiwa kwenye barafu, nyuzi 4. Mkandarasi atasukuma kwa sababu ekskaveta inalipiwa kwa saa. Andika kwenye mkataba, kabla mashine haijafika, nani atalipia siku za kusubiri, na ubakishe asilimia 10 ya malipo hadi sampuli za kuta na sakafu zipite.