Desemba 31 ya Grateful Dead: tathmini ya «The Closing of Winterland»

Mashabiki wa Grateful Dead huzitaja tarehe jinsi mashabiki wa bendi nyingine wanavyotaja nyimbo. Ukiwauliza uanzie wapi, hawakutajii albamu, bali siku, mwezi na mwaka, na asiyejua ukumbi husika hutajiwa na ukumbi. Kati ya tarehe hizo zote Desemba 31 ina daraja lake, kwa kuwa bendi hii ya rock ya San Francisco iliugeuza mkesha wa Mwaka Mpya kuwa kama kikao cha ukoo, ikiukesha jukwaani karibu kila mwaka chini ya promota Bill Graham, hadi mkesha wa 1991 uliokuwa wa mwisho, miezi miwili tu baada ya Graham mwenyewe kufariki katika ajali ya helikopta Oktoba 25. Bidhaa ninayoitathmini hapa, «The Closing of Winterland», inatokana na mkesha wa 1978 katika ukumbi wa Winterland, San Francisco. Ilitolewa mwaka 2003 kwa namna mbili, sidii nne za sauti au DVD mbili zenye picha, na kwa kuwa nimeishi na zote mbili kwa muda mrefu, ushauri wangu nautoa mapema: chukua DVD.

Winterland haukuwa ukumbi wa kifahari. Ulijengwa mwaka 1928 kwa ajili ya mchezo wa kuteleza juu ya barafu, ulichukua watu wapatao 5,400, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 ulikuwa umezeeka na kuchakaa. Hata hivyo, ndipo kundi la The Band walipofanyia onyesho lao la kuaga Novemba 1976, ndipo bendi ya punk ya Sex Pistols waliposambaratikia Januari 1978, na ndipo Dead wenyewe walipopiga siku tano mfululizo Oktoba 1974 kabla ya kusitisha ziara zao hadi Juni 1976. Graham alipoamua kuufunga, aliwakabidhi Dead usiku wa mwisho, akawatanguliza bendi za New Riders of the Purple Sage na Blues Brothers, na mwishoni, alfajiri, hadhira ikaandaliwa kifungua kinywa. Jengo lilibomolewa mwaka 1985. Kwa hiyo anayetazama leo anaona mambo mawili yakifungwa kwa wakati mmoja, mwaka na nyumba, na wanamuziki wanapiga kama watu wanaolijua hilo.

Jambo la kwanza linaloithibitisha thamani ya picha ni saa sita kamili usiku. Graham, ambaye kila mkesha alikuwa na mzaha wake mpya, safari hii anaingia akielea juu ya vichwa vya watu, amepanda msokoto mkubwa wa bangi wa kuigiza, na kabla kelele hazijatulia bendi inaanza «Sugar Magnolia». Wimbo huo una mkia wake, kipande kiitwacho «Sunshine Daydream», ambacho kwa kawaida hufuata papo hapo. Usiku huu wanauacha wimbo bila mkia, wanapita kwenye nyimbo nyingine nane hivi, na mkia wanaurudisha mwishoni kabisa mwa awamu ya kwanza, zaidi ya saa moja baadaye. Anayesikiliza sidii akiwa na shughuli zake anaweza asitambue kilichotokea. Anayetazama anaona jinsi umati unavyolipuka pale deni linapolipwa.

Awamu ya kwanza yenyewe, niseme kweli, si kitu cha kumshawishi mgeni. Ina uchangamfu mwingi na umakini wa wastani. Bob Weir, mwimbaji na mpiga gitaa, anapaza sauti zaidi ya inavyohitajika, na Jerry Garcia, mpiga gitaa mkuu, anaonekana bado anautafuta usiku. Awamu ya pili inapanda inapofika «Terrapin Station», kisha Bill Kreutzmann na Mickey Hart wanaachiwa jukwaa na ngoma zao kwa muda ambao wengine watauona mrefu mno. Mimi siupunguzi. Miezi mitatu na ushei kabla ya hapo watu hawa walikuwa wamepiga mbele ya piramidi za Giza, Misri, na ngomani mwao bado kuna kitu cha safari ile.

Awamu ya tatu ndiyo sababu ya kutoa pesa. Ndani ya ukumbi palikuwa na bango la mashabiki lililohesabu kwamba siku 1,535 zilikuwa zimepita tangu «Dark Star», wimbo ambao bendi huurefusha kwa kubuni papo hapo, ipigwe San Francisco kwa mara ya mwisho. Nilikaa na kalenda nikaihakikisha hesabu hiyo: kutoka Oktoba 18, 1974, katika ukumbi huohuo, hadi Desemba 31, 1978, ni siku 1,535 barabara, mwaka mrefu wa 1976 ukiwemo. Watu wanaohesabu namna hiyo hawaridhishwi na salamu za haraka, na bendi inaelekea ilijua. Besi ya Phil Lesh inapoingia na zile noti chache za ufunguzi, ukumbi hauimbi wala haupigi makofi kwa mpangilio, unaguna tu kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Kinachofuata si «Dark Star» ndefu kuliko zote wala ya mbali kuliko zote; zile za mwaka 1972 zinaipita kwa ujasiri. Lakini inafunguka kwa utulivu, inatumbukia katika «The Other One», inarudi yenyewe kwa dakika chache, kisha inakabidhi nafasi kwa «Wharf Rat», ambayo Garcia anaiimba taratibu kwa sauti iliyokwisha kukwaruzika kwa saa nyingi za kazi. Ukwaruzaji huo hapo unafaa. Sauti safi ingeuharibu wimbo wa mzee mlevi wa gatini.

Kasoro zipo na mnunuzi anastahili kuzijua. Picha ni ya televisheni ya enzi hizo, yenye umbo la mraba-mraba, kwa kuwa onyesho lilirushwa moja kwa moja na kituo cha KQED huku redio ya KSAN ikirusha sauti. Asitarajie mtu ung'avu wa kamera za leo. Sauti kwa upande wake imesafishwa vizuri sana, ila kinanda cha Keith Godchaux kinasikika kwa mbali, na si kosa la wahandisi peke yao, maana mtu mwenyewe alikuwa akififia. Huu ulikuwa mkesha wa mwisho kwake na kwa mkewe Donna Jean ndani ya bendi, kwani waliondoka Februari 1979, na Keith akafariki katika ajali ya gari mwaka 1980. Ukilijua hilo, namna anavyoinama juu ya vinanda vyake inatazamika kwa uchungu.

Mwenye kutaka muziki uliokaza zaidi katika tarehe hiyohiyo namwelekeza kwenye «Live at the Cow Palace», sidii tatu za mkesha wa 1976 zilizotolewa mwaka 2007. Hapo pia saa sita usiku inafunguliwa na «Sugar Magnolia», bendi ina afya, na «Morning Dew» ya karibu na mwisho inashinda chochote nilichokitaja hapo juu. Kanda ya video ya mkesha wa 1987, «Ticket to New Year's», inafurahisha, lakini bendi hiyo ilikuwa tayari ya viwanja vikubwa. Hakuna kati ya hizo iliyobeba usiku mzima kwa mpangilio wake kama Winterland inavyoubeba, na ndiyo maana nazipendelea DVD: sidii zinakupa nyimbo, ilhali picha inakupa saa zenyewe zikisonga, nyuso zikichoka, na mpiga gitaa mgeni, John Cipollina, akijitokeza na gitaa lake kama jirani aliyesikia sherehe.

Anayenunua nakala iliyotumika aijaribu diski ya pili kabla ya kulipa, na asiishie dakika za mwanzo. Yangu ya kwanza, niliyouziwa kwa maneno kwamba ni kama mpya, iligandia katikati ya «Dark Star», na ilinibidi kununua nyingine.